Linki Haijui Jina Lako

Nilimsikia kabla sijamwona. Ulikuwa mlio wa kitufe kimoja cha kibodi, kimepigwa kwa nguvu kama mtu anayeua sisimizi, kisha kimya, kisha sauti ya mwanamke ikinong'ona: "Ee Mungu, kila mtu na chake." Nilikuwa nimeketi kwenye benchi la ukumbini, siku yangu ya kwanza kazini, nikisubiri kuitwa. Mlango wa ofisi ulikuwa umeachwa wazi kidogo tu, sikuweza kuona ndani. Kitufe kikalia tena. Kimya tena, kirefu kuliko cha kwanza. "Kila mtu na chake." Nilidhani mle ndani kuna maiti na huyo anayenong'ona anaiombea.

Hakukuwa na maiti. Kulikuwa na mwanamke mrefu, mkavu, miwani imening'inia kifuani kwa kamba ya kiatu, ameketi mbele ya kompyuta na mikono yote miwili ameiinua hewani, kana kwamba askari amemwamuru asiguse kitu. Alikuwa akiutazama waraka kwenye kioo cha kompyuta, midomo ikitetemeka. Aliponiona hakushusha mikono.

"Usikaribie," akasema. "Bado inahamisha."

Huyo ndiye Katibu. Jina lake nalijua, na kila mtu pale kliniki alilijua, ila hakuna aliyelitumia. Hata mumewe alipopiga simu ya mezani alisema, "Nipeni Katibu."

Ni lazima nieleze kazi yetu, maana woga wake ulikaa humo. Kliniki ni ndogo, ya wagonjwa wa moyo. Wengi wao waliwahi kupasuliwa kifua na kurekebishiwa vali, na tangu hapo wanaishi kwa vidonge vya kuzuia damu isigande. Kidonge hicho hakina huruma. Kikizidi, mtu anavuja damu ndani kwa ndani. Kikipungua, damu inaganda, bonge linapanda hadi kichwani, na mtu anaanguka akiwa anapiga mswaki. Kila mgonjwa ana kiasi chake, nacho hubadilika kila anapopimwa. Daktari huandika kiasi hicho kwenye jedwali la kompyuta. Mgonjwa hupewa karatasi yenye jina lake, kiasi chake na kashe ya kliniki, yaani muhuri. Kati ya jedwali na karatasi alikaa Katibu.

Zamani, kabla sijafika, namba zilinakiliwa kwa jicho, moja moja, na jicho huchoka. Katibu ndiye aliyeleta linki. Aliinakili namba kutoka kwenye jedwali, akaenda kwenye waraka wa mgonjwa, akaibandika kwa namna ambayo namba ile haikuwa tena maandishi: ilikuwa kidirisha. Daktari akibadilisha kiasi kwenye jedwali, Katibu alifungua waraka, akapiga kile kitufe, na namba mpya ikajileta yenyewe. Kila mtu alimsifu. Yeye peke yake ndiye aliyeogopa alichokileta.

"Wewe wa Biryogo," aliniita wiki ile ya kwanza. Hakuwahi kuniita vingine, kwa sababu nilikuwa mtu wa kwanza pale kazini kuzungumza naye Kiswahili bila kutafuta maneno. Yeye alikulia Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka kama shuka la hospitali. Mimi changu ni cha vichochoroni kwetu Biryogo, mtaa wa Waswahili hapa Kigali. "Njoo hapa. Unaona nini?"

"Namba, Katibu."

"Namba ya nani?"

"Ya huyu mgonjwa. Jina lake liko hapa juu."

"Nani kakwambia ni yake?"

Nilihisi nimeulizwa swali la mahakamani.

"Jina hili nimeliandika mimi kwa mkono wangu. Halitoki, haliendi. Lakini namba imetoka kule. Linki haijui jina lako, binti. Inajua kiti. Nimeiambia: nenda kwenye jedwali, mstari ule, uniletee aliyeketi pale. Leo ameketi huyu. Kesho ukiwahamisha watu, itakuletea mwingine, na itamleta kwa heshima zote, bila hata kukohoa."

Bila hata kukohoa. Maneno hayo nililala nayo. Nilikuwa nimezoea makosa yenye kelele: sufuria inayoungua hunuka, cherehani ikiruka uzi hugonga. Hili la Katibu lilikuwa kosa lisilo na harufu.

Kwa hiyo jedwali lile lilikuwa na sheria. Wagonjwa walipangwa kama walivyofika kliniki tangu siku ya kwanza, wa zamani juu, wapya chini. Hakuna aliyeruhusiwa kuwapanga upya. Hata waliofariki hawakuondolewa. Mstari wa marehemu ulipakwa rangi ya kijivu, kiasi chake cha mwisho kikaachwa palepale, basi. Daktari mmoja mgeni alitaka kuifuta mistari ile, akasema inamhuzunisha. Katibu alimpiga kofi mkononi, daktari mzima, mbele ya wauguzi.

"Waache wafu wakae," alisema. "Ukimwinua mmoja, walio hai wote wanasogea kwenye kiti cha jirani."

Nilikuwa nikilitazama jedwali lile asubuhi, mistari ya kijivu katikati ya mistari myeupe, na naapa niliwaona kabisa: watu wameketi kimya safu kwa safu, hai na wafu, hakuna anayethubutu kunyanyuka.

Woga wake haukuishia kwenye kompyuta. Aliogopa lifti, ghorofa zote alizipanda kwa ngazi, akipumzika kila kona na kusema anaangalia mandhari. Aliogopa mbwa, hata wa kwenye runinga. Aliishi Kanombe, karibu na uwanja wa ndege, na ndege ikipita juu ya bati lake alisimama wima jikoni mpaka ipite, mwiko mkononi. Mototaksi hakuwahi kupanda maisha yake yote Kigali, mji ambamo hata masista huipanda. "Mimi nipande kitu ambacho kikisimama kinaanguka?" aliuliza.

Zaidi ya yote aliogopa umeme kukatika. Wingu likikusanyika juu ya vilima alianza kupita mlango hadi mlango, viatu vyake vikigonga vigae. "Hifadhini! Hifadhini kazi zenu! Mvua ya Kigali haibishi hodi!" Yeye mwenyewe alihifadhi kila baada ya sentensi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ukifanya hivyo wenyewe, vidole viwili vikibonyeza huku mdomo ukiongea mambo ya mchuzi.

"Katibu," daktari mkuu alimtania siku moja, "na roho zetu umeshazihifadhi?"

"Zenu hazina faili," akajibu, bila kugeuka.

Watu wengine walitafuta chanzo cha woga huo. Hapa Kigali, ukiwa na woga watu hukukadiria, wanatazama umri wako, wanahesabu kimoyomoyo ulikuwa wapi wakati wa mauaji ya kimbari. Mimi sikuwahi kumuuliza na wala sitabuni. Ninachojua ni kwamba mwanamke huyohuyo alikula pilipili ambayo ingemlaza farasi, akiidondosha juu ya wali matone kwa matone, machozi yakimtoka kwa raha. Na kwamba hakumwogopa binadamu yeyote mwenye cheo. Mkurugenzi wetu aliogopwa na kliniki nzima, alikuwa na tabia ya kufungua mlango polepole ili akukute. Katibu alimwambia, "Ukiingia hivyo tena nitarusha kalamu." Akaacha.

Kulikuwa na jambo moja lililopigana ndani yake, nasi tuliliona bila kujua litatufikisha wapi. Alipenda unadhifu kupita kiasi. Alifuta kalamu zake kwa kitambaa. Bahasha alizipanga nembo zote zielekee dirishani. Na jedwali lile, alilolilinda kama mboni ya jicho, lilimchefua. Majina yalifuatana ovyo, mara Uwimana, kisha Bizimana, kisha Sudi, kisha Kayitesi, na mistari ya kijivu katikati. "Soko la Nyabugogo hili," alinung'unika. Nilimwona mara nyingi kidole chake kikielea juu ya amri ile ya kupanga kwa alfabeti, hakigusi, kinaelea tu, kama mtoto juu ya jiko.

Ikaja habari kwamba wakaguzi watatutembelea. Mkurugenzi akapita kila chumba. Bustani ikafyekwa, kuta zikapakwa rangi, hata chupa za maji zikapangwa kwa urefu. Akafika kwa Katibu.

"Jedwali lako liwe safi. Wageni wakiona fujo hii watasema nini?"

"Ni safi. Halijapangwa tu."

"Basi lipange."

Hakubisha. Hilo ndilo lililonishangaza baadaye, kwamba yeye aliyempiga daktari kofi hakubisha. Nadhani alikuwa amemsubiri kwa muda mrefu mtu wa kumlazimisha.

Alichofanya alitusimulia mwenyewe. Ijumaa jioni, sote tumeondoka, aliwapanga wote kwa alfabeti. Wakaja mmoja nyuma ya mwingine, nadhifu, A hadi Z. Akachapa nakala moja nzuri ya kuwaonyesha wageni, akaitia kwenye jalada la plastiki. Nia yake ilikuwa kufunga jedwali bila kuhifadhi, watu warudi vitini kwao kama vile hawakuinuliwa. Kompyuta ikamuuliza: unataka kuhifadhi mabadiliko? Vidole viwili vya mkono wa kushoto vikajibu. Vilijibu kama vilivyojibu kwa miaka, kwa ajili ya mvua, kwa ajili ya umeme, kwa ajili ya kila kitu alichowahi kukiogopa. Hakuhisi hata kwamba vimejibu. Alichukua mkoba wake, akaenda kungoja basi.

Jumatatu ilikuwa siku ya kliniki. Kabla ya kuchapa karatasi alikuwa na desturi ya kukagua mbili, ya mgonjwa wa kwanza na ya mgonjwa wa mwisho, akizilinganisha na kitabu cha daktari. Akafungua ya kwanza. Alikuwa bibi mmoja wa huko kwao Kanombe, mgonjwa wetu wa zamani kuliko wote, ambaye jina lake linaanza na A. Katika mpangilio wa zamani alikuwa wa kwanza, na katika alfabeti alikuwa wa kwanza. Hakuinuka kitini hata kidogo. Namba yake ilikuwa sahihi. Katibu alipotaka kufungua ya mwisho, wakaguzi wakapiga hodi, nakala nzuri ikaitwa. Kitufe kikalia, kila mtu na chake, printa ikaanza kutema.

Wagonjwa wakachukua karatasi zao, wakashukuru, wakaenda. Hakuna aliyeshangaa. Kiasi hubadilika, wamezoea. Na huku kwetu karatasi yenye kashe haibishiwi. Mtu anaweza kumbishia daktari, anaweza kumbishia padri, lakini kashe ya rangi ya bluu ameiweka kwenye mkoba wa plastiki pamoja na kitambulisho.

Ijumaa iliyofuata aliingia dada mmoja mwanafunzi wa chuo, mgonjwa wetu. Alikuwa ameshika karatasi laini mdomoni. Alipoitoa, ilikuwa nyekundu.

"Katibu, samahani. Naamka asubuhi, mto iko na damu. Meno iko natoka damu yenyewe, hata sijapiga mswaki. Mmeniongezea kwa nini?"

"Nani kakuongezea?"

"Nyinyi. Iko hapa."

Katibu akachukua karatasi. Akavaa miwani. Nilikuwa nimesimama pembeni yake nikitafuta stepla, na nikaona uso wake ukitoka rangi, kuanzia paji la uso kwenda chini, kama maji yanavyoshuka kwenye beseni lililotobolewa. Hakuitazama kompyuta. Hakuhitaji. Alinong'ona kitu kimoja tu.

"Nimewainua."

Sijawahi kuogopa vile na naomba nisiogope tena. Daktari aliitwa, dada yule akalazwa kitandani, akadungwa sindano ya kurudisha damu katika hali yake. Sisi wawili tukakaa kwenye simu. Katibu alisoma namba, mimi nikapiga. Simu inapoita, unasikia moyo wako sikioni. Kisha mtu anasema, "Alo?" na unajua kwamba yuko hai, angalau sentensi hii. "Usinywe dawa leo. Njoo sasa hivi. Ndiyo, sasa hivi. Usiendeshe baiskeli. Usichinje. Usibebe kitu." Kuna mama alinijibu yuko kwenye saluni anasukwa, nikapiga kelele kama mwendawazimu: atoke, atoke, wasimchane.

Wengine walikuwa wamepunguziwa, wengine wameongezewa kidogo, wengine hawakuguswa. Wakaja, mmoja mmoja, wakajaa benchi. Wote walipokea simu isipokuwa mmoja, na huyo ndiye aliyekuwa ameongezewa kuliko wote. Fundi cherehani wa Biryogo. Simu yake ilikuwa imezimwa. Nilimfahamu tangu utotoni. Ndiye aliyenishonea sare ya shule.

"Ijumaa huzima simu kwa ajili ya sala," nikasema. "Halafu husahau kuiwasha."

"Anafanya nini saa hizi?"

Nikatazama saa ya ukutani.

"Anakata vitambaa."

Katibu akasimama. Akatoka nje bila mkoba, akasimama ukingoni mwa barabara, akanyoosha mkono. Mototaksi ikasimama. Akavaa kofia ngumu nyuma mbele, dereva akamgeuzia.

"Unaenda wapi, mama?"

"Biryogo. Kimbia."

"Tugende! Twende!" dereva akajibu.

Nilifuata kwenye pikipiki ya nyuma. Tulipoteremka vilima nilimwona mbele yangu, amemkumbatia dereva kwa shingo, magoti yameshikilia, na hata kwa kelele za upepo nilimsikia yule kijana akilalamika, "Mama, unaniua! Shika bega, siyo koo!" Hakulegeza. Sidhani hata alijua yuko juu ya nini.

Kule kwetu barabara inakuwa nyembamba mpaka pikipiki haina faida. Tukashuka, tukaingia vichochoroni kwa miguu, kati ya moshi wa mishikaki na kanzu nyeupe za watu waliotoka msikitini. Aliniacha nyuma, mimi mwenyeji.

Fundi alikuwa barazani kwake. Mbele yake kitambaa cheupe cha satini, kirefu, kimetandikwa mezani, na mkononi mkasi ule mkubwa mweusi wa kukatia, mdomo wazi. Vijana wa barazani walikuwa wamekaa wakinywa chai.

"Fundi, weka mkasi chini," Katibu alisema.

"Salamu kwanza, mama. Hata polisi wanasalimia."

"Weka chini!"

"Fundi," kijana mmoja akadakia, "serikali imekuja kuchukua mkasi! Ulipe kodi!" Wakacheka.

"Hii iko ya bibi harusi, ya kesho," Fundi alisema kwa upole, kama anamtuliza mteja mkorofi. "Ngoja nimalize mkono mmoja, halafu tugombane vizuri."

Akaupeleka mkasi kwenye kitambaa. Katibu akamshika kifundo cha mkono. Mkono wa kanzu ukapanda, na chini yake ngozi ilikuwa nyeusi mbichi, zambarau, kutoka kifundo mpaka kwenye kiwiko, kama wino umemwagikia kwa ndani. Vicheko vikakatika.

"Hii nini?"

"Aah. Nimegonga mlango."

"Umegonga lini?"

Fundi akautazama mkono wake mwenyewe.

"Sikugonga," akasema.

Katibu akauvuta mkasi polepole, kidole kwa kidole, akanipa mimi. Kisha, mbele ya watu wote wale, wengine wakiwa wamesimama tayari na simu zao mkononi, akasema: "Karatasi uliyopewa Jumatatu ina jina lako na dozi ya mtu mwingine. Nimekosea mimi. Unavuja ndani. Twende."

"Lakini ilikuwa na kashe."

"Ilikuwa na kashe."

"Basi mimi nimemeza kashe," Fundi akajaribu kucheka, akamtazama usoni, akaacha. Akaketi kwenye kigoda. Sauti yake ikawa ndogo. "Nitakufa, mama?"

Nilitamani amdanganye. Mtu yeyote angemdanganya.

"Sijui," Katibu alisema. "Ndiyo maana twende."

Tulimpeleka mpaka barabarani, kila mmoja amemshika upande mmoja, tukipitia katikati ya kichochoro, mbali na misumari ya milango na pembe za meza, na nikagundua kwa mara ya kwanza kwamba mtaa wangu wote, niliouchezea bila viatu, umejaa vitu vinavyokata. Vijana wa barazani walitangulia wakisukuma watu kando bila kuambiwa. Ndani ya taksi Fundi aliuliza habari za satini yake. Katibu akamshika mkono ule mweusi kwenye mapaja yake, kiganja chini, kama anabeba maji. Hakuomba. Nilitega sikio, hakuomba.

Fundi alipona. Ilichukua siku, na kulikuwa na usiku mmoja ambao daktari hakwenda nyumbani, lakini alipona, na dada wa chuo alipona. Bibi harusi aliolewa kwa gauni la kukodi na mpaka leo hamsalimii Fundi.

Mkurugenzi alitukusanya. Alikuwa na maneno tayari: kumetokea hitilafu ya mfumo. Alisema ni kwa faida ya wote, na sisi tulitingisha vichwa, kwa sababu tulikuwa na watoto na kodi za nyumba. Katibu akanyanyuka, akaweka mikono yake juu ya meza ya Mkurugenzi, viganja juu.

"Mfumo hauna mikono," alisema. "Mikono ni hii."

"Katibu, unajua unachokisema? Kitakugharimu."

"Wagonjwa wamegharimika tayari. Wakiambiwa ni mfumo, watamwogopa nani? Waambieni ni mimi. Mtu unaweza kumwangalia."

Aliwaambia mwenyewe, mmoja mmoja, kwenye benchi lile la ukumbini. Wengine walimpa mkono. Mmoja alimtemea mate miguuni, naye akasema, "Ni haki yako," akaenda kutafuta kitambaa.

Akaletwa kijana fundi wa kompyuta, akabadilisha linki zote ili zisitafute kiti tena, zitafute namba ya faili ya mgonjwa, popote alipo kwenye jedwali. Katibu alikaa nyuma ya kijana yule muda wote. "Na namba ya faili ikiandikwa vibaya? Na watu wawili wakipewa namba moja? Na daktari akiandika dozi kwenye mstari wa jirani kabla hata linki haijatafuta?" Kijana alikuwa akitoka nje mara kwa mara kupunga hewa. Yote aliyoyauliza yalikuja kufanyiwa kazi. Kisha Katibu akaacha kazi, kabla ya umri wake wa kustaafu. Sijui kama alifukuzwa au alijifukuza, na wote wawili, yeye na Mkurugenzi, hawakusema.

Fundi alimshonea gauni la kitenge, akanipa nimpelekee Kanombe. Alilipokea, akalikunja, akalitia kabatini. "Zuri mno," alisema. "Sitalivaa." Nilimtembelea mara chache, kisha mara chache zaidi, kama tunavyofanya.

Msimu huu wa mvua nilikuwa ofisini, kwenye kile kilichokuwa kiti chake. Faili la mgonjwa mpya liliingia, nikalifungua, nikasoma jina ambalo nilikuwa sijalisoma kwa miaka. Nikainua macho. Alikuwa mlangoni, amepungua, mvi zimekubali kuonekana, mkono mmoja ukutani.

"Moyo umeanza kupiga ngoma za harusi," alisema. "Daktari amenipa vidonge vyenu."

Nikampa kiti. Tulisalimiana kwa nyumba, kwa mume, kwa watoto wa ndugu. Alikuwa ameshapimwa mara mbili. Karatasi ya kwanza alichapiwa na mwenzangu nikiwa likizo, nakala yake imo kwenye faili; leo ndiyo ya pili. Nikafungua waraka wake. Nikauamuru uchukue namba. Ikaja.

Ilikuwa kubwa. Kubwa sana kuliko ya kwanza.

Nikasogea karibu na kioo. Namba ya faili ilikuwa sahihi. Jina lilikuwa sahihi. Kila kitu kwenye kioo kilikuwa kimenyooka na kizuri, na hilo ndilo lililonitisha. Yeye alikuwa ameketi upande ule wa meza ambao mgonjwa haoni kioo. Alikuwa akinitazama mimi.

"Katibu, nipe dakika. Naenda kwa daktari."

"Nenda," akasema.

Nilipanda ngazi nikikimbia. Daktari alikuwa na mgonjwa, nikaingia hivyohivyo. Alifungua kitabu chake, akaweka kidole, akanisomea: ndiyo, damu yake bado nzito, amempandishia kwa makusudi. Nikamwomba anisomee tena. Akanisomea tena, kwa sauti ya mtu anayeelekea kukasirika. Nikashuka. Nikamwomba Katibu kitambulisho chake, nikalinganisha. Nikachapa, nikagonga kashe, nikamkabidhi.

"Ni yako," nikasema. "Nimeuliza mara mbili. Isome, Katibu. Tafadhali, isome mwenyewe."

Hakuisoma. Aliikunja kwa ukingo wa ukucha, pande zikalingana, akaitia kwenye mkoba.

"Umeogopa?" akauliza.

"Sana."

"Bado?"

"Bado."

Akatabasamu, na lilikuwa tabasamu la mtu aliyetua mzigo wa kuni, shingo bado haijaamini.

"Basi mimi nitakunywa dawa yangu nilale," alisema. "Kuna mwingine nje, mwite."

Akajisukuma akasimama, akakataa mkono wangu. Nikabaki nimesimama nyuma ya meza, macho kwenye namba, naye akatoka, akauvuta mlango ukafungwa.